Jinsi ya kupata nyenzo bora za kujifunzia fizikia sekondari: mwongozo hatua kwa hatua

Mwanafunzi akikwama kwenye fizikia, kitu cha kwanza anachofanya ni kutafuta kitabu kingine. Kisha video. Kisha notisi za mwenzake aliyefaulu. Mwezi ukiisha simu imejaa mafaili, na swali lile lile la gunia linaloteleza kwenye mteremko bado linamshinda.

Nimeona jambo hili likiwachosha wanafunzi wenye akili na bidii, na linaniuma kwa sababu dawa yake ipo. Nyenzo huchaguliwa kulingana na pengo ulilo nalo, na nyenzo njema hujulikana kwa alama moja: inakudai ufanye kitu. Inakudai ukokotoe, uchore, upime, ubashiri, ueleze. Inayokuacha umekaa unatikisa kichwa kukubali, hata iwe na sifa duniani kote, itakusaidia kidogo tu. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 1: Anza na muhtasari wa somo

Kabla ya kutafuta chochote, pata muhtasari rasmi wa fizikia wa mtihani utakaoufanya. Taasisi nyingi zinazotunga mitihani au mitaala huuweka bure kwenye tovuti zao, na mwalimu wako anao. Uchapishe, au unakili orodha ya mada kwenye daftari.

Usisome majina ya mada peke yake. Soma vitenzi. Muhtasari ukisema "eleza", unahitaji kitabu chenye maelezo mazuri. Ukisema "kokotoa", unahitaji maswali mengi yenye majibu. Ukisema "chora na fasiri grafu", unahitaji karatasi ya grafu na data halisi. Ukisema "chunguza kwa jaribio", hakuna kitabu kitakachokutosha. Wengi hutumia kitabu kimoja cha maelezo kwa mada zote, halafu wanashangaa kwa nini wanajua tafsiri ya momentamu lakini hawawezi kukokotoa kasi ya magari mawili yaliyogongana na kuganda pamoja.

Kando ya kila mada weka alama: naweza kuifundisha, naielewa nusu, sijui. Kuwa mkali. Mada za katikati ndizo zenye hatari kuliko zote, kwa kuwa unadhani unazijua.

Hatua ya 2: Jua kinachokukwamisha hasa

Chukua swali lililofanywa kwenye kitabu, ufunike jibu, ulifanye mwenyewe kwa kalamu. Angalia mkono uliposimama.

Kama uliandika v² = u² + 2as bila shida lakini ukashindwa kuitoa s ibaki peke yake, tatizo lako ni hesabu. Video elfu za mwendo hazitakusaidia. Tafuta mazoezi ya aljebra: kubadili kiini cha fomula, vipeo vya kumi, sine na kosine, mteremko wa grafu. Wiki mbili za mazoezi hayo zinaweza kufungua mada nyingi za fizikia kwa mpigo.

Kama fomula unazijua zote ila hujui ni ipi inayohusika, tatizo ni dhana. Hapo unahitaji maelezo, simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye simu au kompyuta) na maswali yasiyo na tarakimu, yale ya "nini kitatokea ikiwa…".

Na kama hukuelewa swali linasema nini, jizoeze kuchora. Kila swali la kani lichorewe kitu chenyewe pamoja na mishale ya kani zote zinazokigusa au kukivuta, kabla ya kuandika namba yoyote. Kitabu kisichochora michoro hiyo hakikufai katika mada za mwendo na kani.

Hatua ya 3: Chagua kitabu kimoja kikuu, na ukijaribu kabla ya kukiamini

Kimoja kinatosha. Vitabu vinne vya kiada vinavyosema jambo moja kwa alama tofauti huongeza mkanganyiko: hapa kasi ya mwanzo ni u, pale ni v yenye sifuri chini. Chagua kimoja kiwe uti wa mgongo wa masomo yako, vingine viwe vya kutazama pale hiki kinaposhindwa kukueleza.

Ili kukipima, fungua mada moja unayoijua vizuri na moja usiyoijua. Katika ile unayoijua, kagua usahihi. Katika usiyoijua, soma kurasa mbili kisha ujaribu swali la kwanza la zoezi. Tazama pia mifano iliyofanywa: je, inaonyesha data, mchoro, fomula, kuingiza namba pamoja na vizio vyake, na jibu lenye kizio? Au inaruka kutoka fomula hadi jibu? Je, mwishoni kuna majibu ya mazoezi? Bila majibu hutajua kama umekosea mpaka siku ya mtihani.

Kuhusu usahihi, kuna makosa sugu ambayo yamenakiliwa kutoka chapisho hadi chapisho, na ni mtego mzuri wa kukamatia vyanzo vibovu. Yatafute. Kila aya kati ya nne zifuatazo inaanza na kosa lenyewe, kisha sahihisho lake.

Wanaanga wanaelea kwa sababu angani hakuna mvutano wa dunia. Si kweli. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka kwenye urefu wa kilomita 400 hivi, ambako mchapuko wa mvutano ni takriban 8.7 m/s², karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja huku wakizunguka dunia.

Joto na baridi ya majira hutokana na dunia kulisogelea au kuliacha jua. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati nusu ya kaskazini iko katika majira ya baridi. Sababu halisi ni kuinama kwa mhimili wa dunia, kwa nyuzi 23.5 hivi.

Ndege huinuka kwa sababu hewa ya juu ya bawa lazima ikimbie ili ikutane tena na ile ya chini. Hakuna kanuni yoyote inayoilazimisha hewa ikutane. Vipimo vinaonyesha kuwa hewa ya juu hutangulia kufika nyuma ya bawa. Bawa huielekeza hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu.

Mkondo wa umeme hupungua baada ya kupita kwenye taa, kwa kuwa taa "imeutumia". Katika sakiti ya mfululizo mkondo ni ule ule kabla na baada ya taa. Kinachotolewa pale ni nishati.

Kitabu chenye kosa moja la namna hii bado kinaweza kukufaa katika mada nyingine, ila kisome kwa tahadhari. Chenye matatu kiache. Ama uzee wa kitabu, huo ni jambo jingine. Kinachosema kilogramu ni tungamo la silinda ya platini na iridiamu iliyohifadhiwa karibu na Paris kiliandikwa kabla ya tarehe 20 Mei 2019, siku ambayo fasili mpya ya kilogramu, inayotegemea namba isiyobadilika ya Planck, ilianza kutumika. Sura za mwanga na joto za kitabu hicho bado ni nzuri. Sahihisha ule ukurasa kwa penseli uendelee.

Ukikosa kitabu cha kununua au kuazima, OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani, hutoa bure vitabu kamili vya fizikia, kikiwemo cha kiwango cha sekondari, unavyoweza kuvipakua kama faili la PDF. Siyavula ya Afrika Kusini nayo ina vitabu huria vya sayansi za fizikia na kemia kwa madarasa ya juu ya sekondari. Vyote vinapatikana kwa Kiingereza, na mpangilio wa mada unaweza kutofautiana na wa kwenu, ndiyo maana muhtasari wako ulitangulia.

Hatua ya 4: Kusanya maswali kuliko maelezo

Kama muda wako unatosha hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko mara kwa mara na wale waliolisoma kisha wakajaribu kulikumbuka bila kulitazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo hufifia mapema.

Kwa fizikia, chanzo bora cha kujipima ni mitihani iliyopita ya bodi yako yenyewe, pamoja na mwongozo wa usahihishaji. Usiridhike na karatasi za maswali peke yake. Mwongozo unaonyesha alama zinatolewa wapi: moja kwa fomula, moja kwa kuingiza namba, moja kwa jibu na kizio chake. Bodi nyingine hutoa pia taarifa za watahini zinazoeleza watahiniwa walikosea wapi. Hizo zisome kwa makini kuliko notisi zozote, kwa sababu zimeandikwa na watu waliosahihisha majibu kama yako.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Mada ikiisha, vuta maswali yake kutoka mitihani ya miaka kadhaa, uyafanye bila daftari. Sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kando ya kila alama uliyoipoteza andika neno moja: dhana, hesabu, kizio, au kusoma. Baada ya mitihani mitatu orodha hiyo itakuambia utafute nini. Anayepoteza alama za vizio hahitaji kitabu kipya, anahitaji mazoea ya kuandika kizio katika kila mstari. Maswali uliyokosa yarudie baada ya siku kadhaa, ukianzia karatasi tupu. Mitihani miwili ya karibuni kabisa usiiguse. Iweke ya kujipima kwa saa kamili mwishoni.

Tahadhari moja: majibu yanayosambazwa na watu wasiojulikana mara nyingi yana makosa, na hayaonyeshi njia. Jibu la "B" lisilo na hoja halikufundishi kitu.

Ukihitaji maswali zaidi ya mitihani, Isaac Science (zamani Isaac Physics), jukwaa la bure lililoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge, lina maswali yaliyopangwa kwa ngazi. Ukiingiza jibu linakagua namba, tarakimu muhimu na kizio, na ukikwama linakupa kidokezo badala ya kukumwagia jibu zima. The Physics Classroom inafaa zaidi kwa anayeanza: maelezo mafupi na maswali ya dhana yanayofuatia hapo hapo. HyperPhysics ya Chuo Kikuu cha Georgia State ni ya kutafutia haraka uhusiano wa dhana moja na nyingine. Si ya kujifunzia mada kuanzia mwanzo.

Hatua ya 5: Video, kwa masharti

Video nzuri inaweza kukuonyesha kitu ambacho maabara ya shule haina. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15, akiwa juu ya mwezi, aliangusha nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, na vikafika chini pamoja. Filamu hiyo ipo, ni ya NASA, na haizidi dakika chache. Itazame.

Lakini video ya maelezo ina hatari yake. Derek Muller, ambaye baadaye alijulikana kwa video zake za sayansi, alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Sydney. Wanafunzi walipoonyeshwa maelezo safi yaliyonyooka, waliyasifu kuwa yanaeleweka, ila hawakujifunza mengi. Walibaki na dhana zao za zamani huku wakijiamini zaidi. Walipoonyeshwa video zinazotaja dhana potofu na kuijadili, waliona ugumu, na wakajifunza zaidi.

Kwa hiyo chagua mwalimu wa video anayeuliza swali kabla ya kujibu. Akiuliza, simamisha, andika ubashiri wako, kisha endelea. Khan Academy ina mfululizo mrefu wa fizikia wenye mazoezi. Yafanye mazoezi hayo, usitazame video tu. Na baada ya video yoyote funga simu, uandike mistari mitano ya ulichojifunza. Ukishindwa kuiandika, video hiyo haijaingia.

Hatua ya 6: Simulesheni na majaribio ya mikono

PhET ni mkusanyiko wa simulesheni za bure ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Nyingi hufunguka kwenye simu, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Unaunganisha betri, waya na taa upendavyo, unapima volteji na mkondo, na hakuna kinachoungua. Usiichezee bila swali, lakini. Andika kwanza: "nikiongeza taa ya pili kwa mfululizo, mwanga wa ya kwanza utakuwaje?" Bashiri, unganisha, linganisha. Ukikosea ubashiri, umegundua pengo ambalo kitabu kisingekuonyesha.

Simu yenyewe ni maabara. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, husoma vihisi vya simu: mchapuko, sauti, usumaku. Weka simu mbili umbali wa mita 5, kila moja ikiwa na saa yake ya sauti, yaani ile inayoanza na kusimama ikisikia kelele. Piga kofi karibu na ya kwanza, saa zote mbili zianze. Piga tena karibu na ya pili, zisimame. Tofauti ya muda kati ya simu hizo ni ule ambao sauti ingetumia kwenda na kurudi, mita 10. Ukipata karibu sekunde 0.029, umepima kasi ya sauti, takriban 343 m/s hewani kwenye nyuzi 20 za Selsiasi.

Na kuna majaribio yasiyohitaji umeme wala intaneti. Pendulamu ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu uzi, jiwe na saa vinakufundisha kanuni, grafu na makosa ya vipimo kwa pamoja. Funga jiwe dogo kwenye uzi, upime mita 1 kuanzia pale uzi uliponing'inizwa hadi katikati ya jiwe. Wengi hupima hadi fundo la uzi, na hapo ndipo g yao (mchapuko wa mvutano wa dunia) inapoharibika. Livute kando kidogo, chini ya nyuzi 10, uliachie. Pima muda wa mizunguko 20 kamili, kila mmoja ukiwa kwenda na kurudi. Utapata sekunde 40 hivi, yaani T, muda wa mzunguko mmoja, ni sekunde 2. Ingiza kwenye g = 4π²L/T², ambapo L ni ule urefu uliopima, jibu litakaribia 9.8 m/s².

Kwa nini mizunguko 20 na si mmoja? Kidole chako kinaweza kuchelewa au kuwahi kwa sekunde 0.2 hivi. Kwenye mzunguko mmoja wa sekunde 2 hilo ni kosa la asilimia 10, na kwa kuwa T imepigwa kipeo cha pili, kosa la g linakaribia asilimia 20. Kwenye sekunde 40 linashuka hadi asilimia 1 tu. Sasa badilisha urefu mara tano, uchore T² dhidi ya L. Utapata mstari mnyoofu wenye mteremko wa takriban 4 s²/m, ambao ni 4π²/g. Maswali ya vitendo ya mitihani mingi yamejengwa juu ya mawazo haya haya.

Kwa majaribio ya umeme tumia betri ndogo peke yake. Umeme wa soketi usiuguse kabisa.

Hatua ya 7: Ukiwa huna intaneti ya kudumu

Pakua siku unapoipata. Simulesheni nyingi za PhET hupakuliwa zikafanya kazi bila mtandao. Programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba ensaiklopidia ya Wikipedia nzima au sehemu yake kwenye simu au kompyuta. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti: kompyuta moja ikijazwa masomo, vifaa vingine darasani huyasoma kutoka kwake. Mwombe mwalimu wa kompyuta aitazame.

Hatua ya 8: Akili unde

Programu za akili unde (AI), zile unazoziandikia swali zikakujibu, zinaweza kukueleza mada kwa namna tano tofauti bila kuchoka, na hilo ni msaada wa kweli kwa asiye na wa kumuuliza. Pia hukosea kwa lugha yenye uhakika kamili. Usiipe swali la zoezi ikufanyie. Andika suluhisho lako, uiambie ionyeshe mstari wa kwanza wenye kosa, bila kutoa jibu. Au iambie ikuulize maswali ya dhana, moja baada ya jingine.

Kila jibu lake, na la chanzo kingine chochote, lipitishe kwenye maswali haya matatu. Je, vizio vinakubaliana pande zote mbili? Je, ukubwa wa namba unaaminika, au mtu anakimbia kwa 300 m/s? Je, hali za ukingoni zinaleta maana? Mfano, kitu kinachoteleza kwenye mteremko usio na msuguano kina mchapuko wa g sin θ. Weka θ sifuri: ardhi ni tambarare, mchapuko ni sifuri, sawa. Weka nyuzi 90: ni kuanguka wima, unapata g, sawa. Anayekuandikia g cos θ anadai kuwa kitu kilicho mezani kitaondoka chenyewe kwa mchapuko wa g. Kwa jaribio hili unaweza kumkamata mwandishi aliyekosea hata kama mada ni ngeni kwako.

Hatua ya 9: Watu, kisha kupunguza

Mwalimu hubaki kuwa nyenzo yenye thamani kubwa, ila msaada wake hutegemea unamwendeaje. "Sielewi umeme" ni swali lisilojibika kwa dakika tano. Mpelekee karatasi yenye jaribio lako, umwonyeshe mstari uliokwama. Kwenye kikundi cha kujisomea, watu watatu au wanne wanatosha, na kila mmoja aje na swali alilolifanya na moja lililomshinda. Anayeeleza ubaoni ndiye anayejifunza zaidi, kwa hiyo zamu zizunguke.

Kila baada ya wiki mbili, pitia nyenzo zako. Kwa kila moja jiulize: imenifanya nifanye swali gani ambalo mwanzo sikuliweza? Isiyo na jibu iondoe kwenye simu au umpe mwenzako. Kwa wanafunzi wengi, kitabu kimoja, bunda la mitihani lenye miongozo yake, simulesheni na mtu mmoja wa kumuuliza vinatosha kwa mwaka mzima. Kabla hujaongeza cha tano, fungua ile orodha ya alama ulizopoteza uone kama kuna pengo kinachoweza kuliziba.